Sura ya Saba: Gasketi Isiyo na Tundu

"Mimi ndiye niliua mtu? Mimi?" Momanyi alitupa spana chini, ikagonga jiwe na kurukia karibu na miguu ya Cephas. "Tabo yangu iliondoka Migori ikiwa safi kama sahani ya harusi. Wewe ndiye uliifunga kwa injini. Wewe ndiye ulimpa mtu ufunguo ukamwambia twende!"

"Omera, ndugu yangu, usinirushie vyuma kwangu," Cephas alijibu. "Hapa ni Homa Bay. Uliniletea takataka ndani ya gunia, sasa unataka nibebe maiti?"

"Takataka? Sema tena."

"Ta-ka-ta-ka."

Inspekta Bhoke Nyamhanga aliingia katikati yao kabla ngumi haijatoka. Alikuwa askari kanzu wa Migori, mwanamke mfupi mwenye viatu vya ngozi visivyojua rangi, na hakuwa na desturi ya kupaza sauti.

"Momanyi, okota spana. Cephas, rudi hatua tatu. Mkiuana hapa nitabaki na maiti tatu na jibu sina."

Waliachana, lakini macho hayakuachana. Nyuma ya uzio wa mabati, watu wa marehemu walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Hawakulia wala hawakuimba. Walikaa tu na kutazama kupitia matundu ya misumari, na kimya chao kilimfanya Cephas apanguse shingo kila dakika.

Katikati ya ua lilikuwapo gari lenyewe, pua imebonyea hadi kwenye kioo. Jana, Ijumaa, saa tisa mchana, Nicanor Ogutu, mnunuzi wa dhahabu wa Masara, alikuwa akitoka Rangwe kuja Homa Bay akiendeshwa na Job, dereva wake. Kwenye mteremko injini ilianza kupiga mayowe yenyewe, gari likaenda mbio, likakataa kona na kuingia korongoni. Nicanor alikufa papo hapo. Job alivunjika mguu.

Asubuhi hiyo Bhoke alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Job hospitalini na kuandika maneno yake kama alivyoyatamka: "Nilizima ufunguo, mama. Nilizima nikaung'oa kabisa, nikautupa chini. Injini haikuzima. Ilizidi kulia. Halafu usukani ukakataa kugeuka."

Usukani ulikuwa na maelezo. Ukiung'oa ufunguo, usukani hujifunga; ndivyo ulivyoundwa. Lakini injini inayonguruma bila ufunguo? Watu wa nje ya uzio walikuwa na jibu lao, nao walilisema kwa sauti ya chini: Nicanor amerogwa. Wengine walimtaja Nchagwa, mnunuzi mwenzake wa Masara, ambaye wiki mbili zilizopita alimwambia Nicanor mbele ya mashahidi kwamba hatauona mwezi ujao.

Bhoke alimwamini Nchagwa kuliko uchawi. Alikuwa amekuja akitafuta breki zilizokatwa. Alilala chini ya gari mwenyewe akafuata kila bomba kwa kidole. Breki zilikuwa nzima, mafuta yake yamejaa. Waya wa kanyagio la mafuta haukuwa umekwama. Kilichobaki ni tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, na mafundi wawili, aliyeikarabati na aliyeifunga, walikuwa mbele yake, kila mmoja akimsukumia mwenzake kaburi.

"Fungueni," alisema. "Momanyi afungue, Cephas atazame. Kila bolti iingie kwenye bakuli."

Momanyi alilala chali chini ya gari. Cephas akamsogezea spana ya mdomo wazi.

"Si hiyo," Momanyi alifoka kutoka chini. "Hiyo inakula kichwa cha bolti. Nipe ya pete, kumi na mbili. Na nipe kioo changu."

Kioo kilikuwa kipande cha duara, kidogo kama shilingi kumi, kimeunganishwa kwenye waya mrefu. Alikipitisha nyuma ya injini, akamulika kwa tochi, kisha akaanza kuzungusha. Bolti ya kwanza. Bolti ya pili. Bomba lilishuka kidogo, mafuta meusi yakamwagika yote kwa pamoja kama maji ya beseni.

Momanyi aliingiza vidole kati ya bomba na tabo, akavuta kitu. Alipotoka chini ya gari uso wake ulikuwa umepoteza rangi. Katika kiganja chake kulikuwa na kipande cha katoni, kikubwa kama kiberiti, kimelowa oili. Kilikuwa na matundu mawili ya bolti, moja kila upande. Katikati, mahali ambapo mafuta yalitakiwa kupita, hapakuwa na tundu.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," Bhoke alisema.

"Tabo ni feni mbili kwa fimbo moja, mama. Moshi wa eksozi unazungusha hii, hii nyingine inashindilia hewa ndani ya injini. Hiyo fimbo inazunguka mbio mpaka macho hayawezi kuiona, kwa hivyo lazima iogeshwe oili. Oili inaingia juu, inatoka hapa chini, inarudi kwa sampu, lile beseni la oili chini ya injini." Aligusa kile kipande. "Ukiziba hapa, itaenda wapi?"

"Wapi?"

"Itapita kwa feni, iingie kwa hewa. Na dizeli haichagui chakula. Itachoma oili vile inachoma dizeli. Ufunguo unafunga dizeli peke yake. Injini itakunywa oili yake mpaka iishe ama ipasuke."

"Na mtu anaizimaje?"

"Unaiziba pua. Ubao bapa, kwa mdomo wa hewa. Si nguo, nguo inavutwa ndani. Lakini dereva gani anajua hiyo?"

"Basi ni Nchagwa!" Cephas aliruka. "Si mmeona? Mtu ametumwa, ameingia hapa, ameweka hiyo karatasi. Mama, huyo Nchagwa ana watu kila mahali."

Alisema haraka mno. Bhoke alimtazama, kisha akatazama gunia tupu lililotundikwa kwenye msumari.

"Ndani ya hilo gunia zilikuja tabo ngapi?"

Cephas alianza kupangusa spana.

"Nimeuliza kwa Kiswahili."

"Mbili," Momanyi alisema.

"Ya pili ni ya gari gani?"

Cephas ndiye aliyelazimika kujibu, na alijibu akitazama chini. Ilikuwa ya gari la zahanati moja ya Mbita. Alizifunga zote siku moja, Alhamisi. Gari la zahanati liliondoka Ijumaa alfajiri likiwa tupu, isipokuwa dawa. Leo lilitarajiwa kurudi na akina mama watatu waliokaribia kujifungua na muuguzi mmoja, Helen. Dereva ni Oliver. Lingefika hospitali saa tisa.

Bhoke alitazama saa. Saa saba na dakika thelathini na tano.

Sasa jambo lilikuwa jepesi kulielewa na zito kulibeba. Kama mkono wa Nchagwa ndio uliotia kile kipande, ulimtafuta Nicanor peke yake, na gari la Mbita lilikuwa salama. Kama ni mkono wa mmoja wa hawa wawili, basi watu watano walikuwa njiani wamekalia kifo kile kile, na kati ya Mbita na Homa Bay kulikuwa na mlima.

Redio ndani ya Landrova yake ilikoroma. Alikwenda akaishika. Ilikuwa sauti ya koplo wa Rangwe.

"Afande, yule Nchagwa ameonekana hapa. Anajaza mafuta. Ameambia watu anaenda Isebania, avuke mpaka. Tumfanye nini? Hatuna gari."

"Mchelewesheni kwa maneno. Nipe dakika kumi."

"Kumi ni nyingi, afande."

"Kumi."

Alirudi uani. Kando ya ukuta kulikuwa na katoni ya sabuni. Aliipasua vipande viwili, akampa kila fundi kimoja na kuwawekea lile bomba juu ya meza ya kazi, flanji yake, mdomo bapa wa kufungia bolti, ikiwa juu.

"Kila mtu anikatie gasketi ya hapa, ya kuzuia bomba lisivuje. Vile anavyofanya siku zote. Nisione mtu anamtazama mwenzake."

Cephas alichukua nyundo ya kichwa cha mviringo. Aliweka katoni juu ya chuma na kuigonga polepole kufuata ukingo, tok, tok, tok, mpaka chuma chenyewe kikaikata. Tundu la katikati lilijitokeza lenyewe, na kingo zilibaki na manyoya. Momanyi alichora kwa kalamu, akatoa wembe mfukoni, akakata mistari iliyonyooka. Matundu ya bolti aliyatoboa kwa bomba dogo alilolinoa mdomo, pigo moja kila tundu.

Bhoke aliviweka vipande viwili kando ya kile kilicholowa. Kingo za kile cha gari la marehemu zilikuwa laini kama za barua. Matundu ya bolti yalikuwa mviringo kamili.

Momanyi aliona kabla hajaambiwa. Akakaa juu ya tairi.

"Ni yangu," alisema.

"Amekiri!" Cephas alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, ili nje wasikie. "Mama, mtie pingu! Amekiri mwenyewe!"

Nje ya uzio kukatokea mkwaruzo wa miguu. Mtu alisukuma mlango wa bati, mnyororo ukakaza. Jicho moja lilijaza tundu la msumari.

"Ni yangu, lakini si gasketi!" Momanyi alishika kichwa. "Ni kifuniko cha vumbi. Zamani nilikuwa naziba na matambara. Mwaka jana uzi wa tambara ukabaki ndani, feni ikaunyonya, tabo ikafa. Nikasema sitarudia. Barabara ina vumbi, gunia lina mchanga. Kwa hivyo nikakata vifuniko vizuri, saizi yake, nikavishika na bolti ndogo. Mtu anatoa kifuniko, anaweka gasketi yake, anafunga bomba. Nani anaweza kufunga bomba juu ya kifuniko?"

"Ulimwambia Cephas umebadilisha?"

"Nilidhani ataona," Momanyi alisema.

"Cephas," Bhoke alisema bila kugeuka. "Bomba hili ulilifunga ukiwa wapi?"

"Chini ya gari. Kila mtu anafunga akiwa chini ya gari."

"Ulikuwa na kioo kama kile?"

"Mimi nimefanya hii kazi miaka kumi na nane. Sihitaji kioo kama mwanamke anayesuka nywele. Kidole kinaona."

"Kidole kiliona nini?"

Mafuta yaliendelea kudondoka kutoka kwenye injini, tone baada ya tone, ndani ya bakuli.

"Momanyi, fundi anayefunga tabo anahakikishaje mafuta yanarudi?"

"Bomba la chini linafungwa mwisho, mama. Kwanza unaweka kopo hapo chini. Unazungusha stata bila kuwasha, mpaka uone oili inatiririka kwa kopo. Ndiyo unafunga. Hata mwanafunzi anajua."

"Cephas, uliweka kopo?"

"Niliweka."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Hukuweka."

Sauti ilitoka mlangoni mwa nyumba. Rispa, mke wa Cephas, alikuwa amesimama na birika la chai ambalo hakuna aliyeliomba.

"Rispa, rudi ndani."

"Wuon Beverly, baba wa mtoto wangu, sirudi. Alhamisi nilikushikia taa ya mafuta kwa sababu betri za tochi zilikwisha. Nilikaa hapo, juu ya hilo jiwe. Ningeliona kopo." Aliweka birika chini. "Helen yuko ndani ya hiyo gari. Helen alinishika mkono nikizaa mtoto wako. Sema ukweli, ama nitausema mimi, na nitausema kule nje."

Cephas alimtazama mke wake, kisha jicho lililokuwa kwenye tundu la msumari. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini.

"Nilipitisha kidole. Nikahisi katoni, nikahisi matundu ya bolti. Nikadhani amenirahisishia kazi, ameniwekea gasketi. Betri ya gari ilikuwa dhaifu, sikutaka kuimaliza na stata." Akafuta mikono kwenye suruali. "Nikafunga bomba."

"Zote mbili."

"Zote mbili."

"Na tangu jana jioni ulijua kwamba gari la Nicanor lilipiga mayowe bila ufunguo."

"Nilifikiri ni Nchagwa. Wallahi nilitaka iwe Nchagwa."

Bhoke alikuwa tayari anatembea. Kinu cha unga cha jirani kilikuwa na simu. Alipiga zahanati, akasubiri milio sita, na mlinzi wa Mbita akapokea. Ndiyo, Oliver ameondoka. Karibu saa nzima sasa. Gari lilikuwa sawa? Mlinzi alicheka kidogo. Sawa, ila lilitoa moshi wa samawati nyuma kama tanuri la matofali. Oliver alisema litazoea.

"Kwa nini halijapiga mayowe tangu jana?" alimuuliza Momanyi aliporudi.

"Katoni ikilowa inavuja pembeni kidogo kidogo. Na lilienda tupu, barabara ya tambarare. Tabo haikufanya kazi ngumu. Lakini likibeba watu wapande mlima..."

"Chukueni ubao mnaoutaka. Ingieni."

"Mimi pia?" Cephas aliuliza.

"Wewe hasa."

Rispa ndiye aliyefungua mnyororo wa mlango. Watu wa marehemu walisimama, lakini waliona uso wa Bhoke nyuma ya usukani wakapisha. Redio ilikoroma tena kabla hawajafika barabarani.

"Afande, ameshaingia garini. Anaondoka. Nifanye nini?"

"Mwache aende."

"Afande?"

"Nimesema mwache."

Aliizungusha Landrova upande wa Mbita. Barabara ya murram, udongo mwekundu na kokoto, ilikuwa kavu, mawe yakapiga chini ya gari kama mvua. Momanyi alipakata ubao, Cephas akashika chuma cha dirisha na kila gari lililotokea mbele alilikazia macho. Lori la mchanga. Pikapu ya samaki. Baiskeli mbili. Kila mara lilipokuwa si lile, walipumua, na kila mara kupumua kulikuwa kufupi zaidi.

Walipoanza kupanda mlima, Bhoke aliteremsha kioo. Aliusikia kabla ya kuona chochote: mlio mwembamba, mrefu, unaopanda tu bila kushuka, kama mnyama aliyebanwa mguu.

"Ndiyo hiyo," Momanyi alinong'ona. "Mungu wangu, ndiyo hiyo."

Moshi mweupe ulitokea kileleni, kisha gari jeupe likatoka ndani yake, likaanza kuteremka kuwaelekea. Bado lilikuwa katika barabara iliyonyooka, kama mita mia nne juu yao. Chini yao kulikuwa na kona, na kando ya kona hakukuwa na kitu ila vilele vya miti iliyoota bondeni.

"Weka kando, mama!" Cephas alipiga kelele. "Lipishe!"

Likipishwa lingefika kwenye kona. Likizibwa njia kwa ubavu, wale akina mama wangegonga chuma kwa kasi ile, na matumbo yao mbele. Bhoke alihesabu umbali mara moja tu.

"Shukeni. Ubao ushuke nanyi. Likisimama, mkimbie kwenye pua yake."

"Likisimama vipi?"

"Shuka!"

Waliruka. Bhoke aligeuza Landrova, mbele, nyuma, mbele tena, gurudumu la nyuma likamega ukingo wa barabara na kurudi. Sasa alitazama upande ule ule gari lilikokuwa likielekea. Aliweka gia ya pili, akaondoka. Katika kioo cha kutazama nyuma gari jeupe lilikua. Aliona Oliver amesimama juu ya breki, mgongo umeinuka kutoka kitini, mkono mmoja ukielekea kwenye ufunguo.

Bhoke alitoa mkono dirishani akautikisa, hapana, hapana, hapana, ingawa hakujua kama Oliver alikuwa akiona kitu. Kisha akaurudisha kwenye usukani. Alingoja. Kona ilikuwa mbele, karibu, angeweza kuhesabu majani. Mlio ulijaza Landrova yote mpaka ukawa kama haupo.

Pigo la kwanza lilimtupa kifua kwenye usukani. Hakukanyaga breki. La pili lilikuwa dogo, na baada yake magari mawili yalikuwa yameshikana, chuma kwa chuma, yakienda kama kitu kimoja. Hapo ndipo alipokanyaga breki, kwa miguu yote miwili, akasukuma mgongo nyuma kana kwamba anataka kusimama wima.

Magurudumu yalijifunga. Murram ikatoka chini yake kwa mawimbi. Landrova ilivutwa kushoto, akairudisha. Ikavutwa tena, akairudisha. Vumbi likafunika kioo cha mbele na kona ikapotea machoni. Aliendelea kukanyaga. Aliendelea hata baada ya kuhisi kwamba hakuna kinachosogea tena, kwa sababu nyuma yake injini ilikuwa bado inalia na kusukuma.

Alisikia miguu ya watu wawili ikishuka mbio. Boneti ikafunguka. Momanyi akapaza sauti, "Hapo! Bana hapo!" na Cephas akajibu kwa mlio usio na maneno. Kitu bapa kikagonga chuma. Mayowe yakakatika, yakakohoa mara mbili, yakaisha.

Katika kimya hicho mwanamke mmoja alianza kulia ndani ya gari jeupe, kisha wa pili, kisha wa tatu. Bhoke alizihesabu sauti. Zilitimia.

Mlango wake ulifunguliwa. Muuguzi Helen alisimama hapo, kitambaa cha kichwani kimeanguka shingoni, vumbi kwenye kope. Alimwambia Bhoke ashuke. Bhoke aliitikia ndiyo, akakaza breki ya mkono, lakini miguu ilibaki juu ya breki. Helen akainama, akaushika mguu wa kwanza kwa mikono yake miwili, akautoa. Kisha akautoa wa pili.